Mkusanyo au Mkusanyiko? Juu ya Jumba la Tate Modern na Istilahi za Makumbusho ya Sanaa

Miezi michache iliyopita dawati letu lililetewa rasimu ya waraka uliofasiriwa kutoka Kiingereza, tuukague kabla haujapigwa chapa. Fungu moja la waraka huo lilihusu "makumbusho ya sanaa ya kisasa na mkusanyiko wake". Kwa kipimo cha kamusi mfasiri hakukosea. Kila neno alilolitumia limo, na kila moja laeleweka kwa msomaji wa kawaida. Lakini fungu lile liliposomwa kwa sauti, mwenzetu mmoja aliuliza: "Mkusanyiko wa akina nani? Wana kibali?" Tulicheka, kisha tukaona kwamba hatuna jibu la kumpa mfasiri, wala hatujapata kulikaa chini na kulitafuta.

Makala haya ni jaribio la jibu hilo. Tumeona haifai kulitafuta ndani ya kamusi peke yake, maana istilahi hupimwa kwa kitu inachokitaja, na kitu chenyewe katika nchi zetu bado hakijawa cha kawaida. Tumechukua basi jumba moja la umma ambalo mkusanyo wake unajulikana na umeandikwa kwa urefu, nalo ni Tate Modern la London. Hatusemi kwamba ndilo kipimo cha ulimwengu. Tumelichagua kwa kuwa sheria inayoliongoza ni ya wazi, na kwa kuwa vitu vilivyomo huyasumbua maneno kuliko vitu vya mahali pengi. Neno lililovuka salama katika vyumba vile halitashindwa kwingine.

Historia yake tutaipitia kwa haraka. Tajiri wa sukari aitwaye Henry Tate alilipa taifa lake picha 65 na jengo la kuziweka, lililofunguliwa mwaka 1897 mahali palipokuwa na gereza la Millbank kando ya mto Thames. Kadiri miaka ilivyopita, nyumba ile iliyokusudiwa kwa ajili ya sanaa ya Uingereza ilipewa pia dhamana ya sanaa mpya ya mataifa mengine, nayo ikajaa. Mwezi Mei 2000 sehemu ya mataifa ilihamishiwa ng'ambo ya mto, katika kituo cha kufua umeme cha Bankside kilichoacha kazi mwaka 1981, jengo la matofali lenye dohani ya mita 99. Ukumbi wa mitambo uliachwa wazi, mita 35 kwenda juu na kama mita 150 kwa urefu. Kiingilio cha kutazama mkusanyo wenyewe hakuna. Maonyesho ya muda tu ndiyo hulipiwa.

Kwa mtu wa istilahi, lililo kubwa kuliko jengo ni Sheria ya Makumbusho na Majumba ya Sanaa ya mwaka 1992. Sheria hiyo inaiweka Tate mikononi mwa wadhamini, na inawapa wajibu kwa vitenzi: wavitunze vitu vilivyomo katika mkusanyo, wavihifadhi, waviongeze, wavionyeshe kwa umma, wawape nafasi wanaotaka kuvichunguza kwa ajili ya masomo, na kwa jumla waukuze ufahamu wa umma juu ya sanaa na kuifurahia. Hawana ruhusa ya kuuza wapendavyo. Masharti ya kukiondoa kitu ni machache na yametajwa. Msomaji aone kwamba katika vitenzi vyote hivyo yuko mtendaji, naye anajulikana. Hapo ndipo tunapopata ufunguo wa swali la mwenzetu.

Kiswahili kina vitenzi viwili, kusanya na kusanyika. Cha kwanza kina mtenda na mtendwa. Mtu anakusanya kuni, anakusanya kodi. Cha pili ni cha hali. Watu wanakusanyika, maji yanakusanyika bondeni, na hakuna anayeulizwa. Kutokana na cha kwanza tunapata mkusanyo, na kutokana na cha pili mkusanyiko. Jozi za namna hii ni nyingi: mtawanyo na mtawanyiko, mpasuo na mpasuko. Fundi mbao hufanya mpasuo, ukuta mbovu hupata mpasuko. Wanasheria wetu walipoandika juu ya mkusanyiko usio halali walikuwa sahihi kabisa, kwa sababu walisema juu ya watu waliokutana. Lakini picha na sanamu hazikutani. Hazikutembea zikafika London. Kila moja ilichaguliwa na mtu, ikajadiliwa na kamati, ikalipiwa au ikapokewa, ikaandikwa katika daftari. Kuziita mkusanyiko ni kumfuta mtu huyo, na pamoja naye swali la kwa nini alichagua hii akaacha ile.

Wapo watakaosema kwamba watu wengi hawazitofautishi tena mkusanyo na mkusanyiko, na kwamba sisi twapasua unywele. Kwa mazungumzo ya kila siku twakubali. Kwa sheria na waraka hatukubali, na tutaonyesha sababu kwa matofali.

Mwaka 1972 Tate ilinunua kazi ya Mmarekani Carl Andre iitwayo Equivalent VIII. Ni matofali 120 ya kuhimili moto, yamelazwa sakafuni kwa tabaka mbili, mstatili mtupu bila saruji wala rangi. Andre aliibuni mwaka 1966. Kazi zile za kwanza hazikupata mnunuzi, akayarudisha matofali kiwandani arudishiwe fedha zake. Baadaye alipotaka kuifanya tena, kiwanda kilikuwa kimefungwa, ikambidi atafute matofali ya aina nyingine. Kwa miaka minne kazi hiyo ilikaa Tate bila kelele. Mwaka 1976 gazeti la Sunday Times lilipoandika juu ya manunuzi ya jumba hilo, magazeti mengine yalifuata, na watu wakawaka: fedha za umma zimenunua matofali! Mtu mmoja alifika akayamwagia rangi ya buluu, ikabidi yasafishwe.

Hatuandiki hapa kuwatetea wanunuzi wala kuwacheka waliokasirika. Twasema tu kwamba wananchi wale walikielewa kitu vizuri kuliko waraka wetu. Walijua kwamba kile ni mkusanyo, kwamba kuna aliyekusanya, na kwamba alikusanya kwa niaba yao. Hasira yao ilikuwa hasira ya mwenye mali anayedai hesabu kwa mtunzaji wake. Hakuna mtu anayedai hesabu kwa mkusanyiko.

Lipo na lingine, nalo latuhusu zaidi. Ni hadi mwaka 2011 Tate ilipounda kamati maalumu ya kusaidia ununuzi wa kazi kutoka Afrika. Jumba lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka mia moja, na sanaa ya bara zima ilikuwa imeingia kwa tone. Ukiita mkusanyiko, upungufu huo unakuwa kama wa mvua: haikunyesha upande ule. Ukiita mkusanyo, unakuwa uamuzi wa watu, nao uamuzi unaweza kulaumiwa na kurekebishwa. Kwa maoni yetu jumba hilo lastahili lawama kwa kuchelewa na sifa kwa kukiri kwa vitendo, na neno letu halina budi kuziachia nafasi zote mbili.

Mfano wa mpasuo tuliutaja kwa makusudi. Mwaka 2007 msanii wa Kolombia, Doris Salcedo, aliipasua sakafu ya ukumbi wa mitambo kwa ufa wa mita 167, mwembamba kama uzi mwanzoni kisha ukipanuka na kuingia chini. Aliuita Shibboleth, neno lijulikanalo kwa wasomaji wa kitabu cha Waamuzi: wakimbizi walipofika vivuko vya Yordani waliambiwa walitamke, na ulimi ulioshindwa kulitamka sawasawa ulimponza mwenyewe. Salcedo alisema juu ya wahamiaji na mipaka. Atazamaye aliona mpasuko, kana kwamba ardhi yenyewe imeachana. Lakini ulikuwa mpasuo, mafundi waliukata. Onyesho lilipokwisha mwaka 2008 ufa ulijazwa saruji, na kovu lake laonekana mpaka leo. Tungekuwa tunafasiri maelezo ya kazi hiyo tungeandika mpasuko katika sentensi isemayo juu ya kinachoonekana, na mpasuo katika isemayo juu ya kilichofanyika. Lugha yetu inaweza kuyasema yote mawili kwa silabi moja ya tofauti, na twasikitika kuona uwezo huo ukiachwa.

Sasa tuje kwenye "ya kisasa", ambayo ndiyo iliyotupa kazi kubwa.

Neno kisasa katika Kiswahili cha sasa si neno la wakati tena. Ni neno la sifa. Twasema jiko la kisasa, choo cha kisasa, kilimo cha kisasa. Na kila mfugaji ajua kuku wa kisasa, aliye kinyume cha kuku wa kienyeji. Kuku hao wawili wametotolewa juma moja na wanadonoa ua mmoja, lakini mmoja ni wa kisasa na mwingine siye. Ndivyo ilivyo pia kwa sanaa. Mchonga vinyago wa Kimakonde aliyemaliza kazi yake jana huwekwa katika fungu la "sanaa za jadi" au "kazi za mikono", na mwenzake aliyechora turubai siku hiyo hiyo baada ya kusoma chuoni huwekwa katika "sanaa ya kisasa". Hapo hatupangi tena kwa tarehe; twapanga kwa shule na kwa hadhi. Mtumishi wa serikali anayegawa fedha kwa kufuata mafungu hayo anagawa kwa kufuata neno, na huenda hajui.

Turudi kwenye mwaka 1972. Mwaka huo huo Tate iliponunua matofali, Edward Saidi Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi Dar es Salaam, akidhaniwa ni mhalifu. Kwa miaka michache tu alikuwa amechora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta za kung'aa juu ya mbao za kugandamizwa, vifaa vya dukani vya kila siku kama yalivyokuwa matofali ya Andre. Wawili hawa walikuwa watu wa wakati mmoja kwa maana iliyo sahili kabisa: walifanya kazi katika miaka ile ile, kila mmoja na soko lake. Istilahi inayomkubali mmoja na kumtoa mwingine haitaji wakati.

Kiingereza nacho kina maneno mawili hapa, moja la kutofautisha upya na ukale, jingine la kuwa pamoja katika wakati, na wenyewe wamegombana juu yake. Mwaka 1948 taasisi moja ya sanaa ya Boston ililibadili jina lake, ikaliacha neno la kwanza na kulichukua la pili, kwa hoja kwamba la kwanza limekuwa jina la mtindo fulani badala ya jina la zama. Tate Modern yenyewe imebaki na neno la kwanza mlangoni ingawa inaendelea kununua kazi za watu walio hai. Wafaransa walikuwa wameifikia njia nyingine zamani zaidi: jumba la Luxembourg la Paris, lililofunguliwa mwaka 1818, lilikuwa la wasanii walio hai, na kazi zilizoonekana kustahili ziliweza kupelekwa Louvre miaka kama kumi baada ya msanii kufa. Kwao wakati ulipimwa kwa pumzi ya mtu, nasi twaona kipimo hicho kina busara yake.

Kwa Kiswahili tuliyapima maneno kadhaa. "Sanaa ya leo" ni fupi na tamu, lakini leo ya waraka huisha kabla ya waraka. "Sanaa ya rika" ilitushawishi kwa kuwa rika ni neno letu hasa kwa watu wa umri mmoja. Tukaliacha kwa kuwa rika huhesabu watu, si vitu. "Sanaa mamboleo" inazo nasaba nzuri, maana Mambo Leo ni jina la gazeti lililoanza kuchapishwa Tanganyika mwaka 1923, na wengi wa wazee wetu walijifunzia kusoma humo. Lakini tangu ukoloni mamboleo uingie katika hotuba, neno hilo limechukua maana ya jambo la zamani lililorudi limevaa nguo nyingine. Haifai kumvika msanii.

Tunalolipendekeza ni "sanaa ya zama zetu". Tutaulizwa: zetu sisi nani? Ndiyo nguvu yake. Kiambishi hicho kinamwingiza asemaye na asikilizaye pamoja, na kinasogea kadiri wao wanavyosogea. Mchonga vinyago na mchora turubai wote wamo. Neno usasa, ambalo wahakiki wa fasihi wamekwisha kulizoea, libaki kwa ajili ya ile harakati ya sanaa iliyoanzia Ulaya, na wafuasi wake waitwe wa usasa popote walipo. Kisasa tuwaachie wafuga kuku.

Istilahi hii tuliijaribu kwa kazi moja iliyomo Tate, na jaribio hilo lilitufundisha kitu ambacho hatukukitarajia. Meschac Gaba, mzaliwa wa Cotonou nchini Benin, alikuwa akisoma Amsterdam, akaona hakuna jumba ambalo kazi yake ingepata mahali. Kati ya mwaka 1997 na 2002 akalijenga lake: vyumba kumi na viwili, kimojawapo maktaba, kingine duka, kingine mkahawa, kingine cha michezo. Kimoja ni chumba cha ndoa, kwa sababu mwaka 2000 Gaba alifunga ndoa hasa ndani ya jumba la Stedelijk, na kumbukumbu za siku hiyo zikawa sehemu ya kazi. Kazi yote inaitwa Makumbusho ya Sanaa ya Afrika ya Zama Zetu; ndivyo tunavyoifasiri. Ungeandika "ya kisasa" ungeharibu kejeli yake yote, maana Gaba hakudai kwamba sanaa ya Afrika ni bora kama jiko jipya. Alidai kwamba iko hapa, sasa, nasi. Mwaka 2013 Tate ilionyesha kazi hiyo nzima baada ya kuifanya mali yake.

Hapo hatuna budi kusema tunavyoona. Gaba alijenga makumbusho kwa kuwa hakuwa na makumbusho, na makumbusho yenye nguvu yakayaingiza yale yake katika orodha kama kitu kimoja kati ya makumi ya maelfu. Wengine husifu jambo hilo kuwa ushindi. Sisi twaona ni ushindi uliochanganyika: swali lililoelekezwa kwa wenye nyumba limepewa chumba ndani ya nyumba, na aliyekuwa mwanzilishi amekuwa mchangiaji. Hata hivyo, kama wadhamini wasingeinunua, huenda duka lile na maktaba ile vingetawanyika. Neno mkusanyo linayabeba yote mawili.

Limebaki neno la kwanza la waraka, makumbusho. Tukiri kwamba tulianza kazi hii tukitaka kulitupa. Asili yake ni kumbuka. Mtu hukumbuka yaliyopita, hakumbuki kilicho mbele yake. Tulikuwa tayari kupendekeza "jumba la sanaa", au "nyumba ya sanaa", jina ambalo wakazi wa Dar es Salaam walilizoea kwa miaka mingi. Yaliyomo Tate yakatugeuza.

Kazi moja iliyotugeuza ni foleni. Msanii wa Slovakia, Roman Ondák, mwaka 2003 alibuni kazi ambayo ni watu kadhaa waliojipanga mstari mahali ambapo hakuna kinachouzwa wala kugawiwa. Mpita njia huwaona, hujiuliza wanangoja nini, na mara nyingine hujiunga. Ondák alikumbuka foleni za nchini kwake katika miaka ya 1970. Wazee wetu waliosimama mbele ya maduka mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakingoja sukari na sabuni hawahitaji maelezo. Wao pia wamesimulia jinsi mtu alivyojipanga kwanza, akauliza baadaye. Tate iliinunua foleni hiyo mwaka 2004, ikawa kazi ya kwanza ya aina yake kuingia katika mkusanyo. Mwenzetu aliyeuliza juu ya kibali alifurahi sana kusikia kwamba ndani ya mkusanyo umo mkusanyiko.

Ni kitu gani kilichonunuliwa? Watu hawakununuliwa. Yalinunuliwa maelekezo, na haki ya kuyatekeleza. Mwaka 2005 ikaingia kazi ya Tino Sehgal ambayo hata maelekezo ya maandishi haina. Mlinzi wa chumba, aliyevaa sare yake ya kila siku, huimba maneno machache mgeni aingiapo. Sehgal hauzi kwa hati: masharti husemwa kwa mdomo mbele ya wakili mthibitishaji, na mnunuzi huyashika kichwani. Picha hazipigwi. Kazi hiyo haimo ghalani. Imo katika vichwa vya watumishi wa jumba, na yule anayestaafu hana budi kumfundisha anayebaki.

Sheria ya 1992 iliwaagiza wadhamini kuhifadhi. Walioiandika yaelekea walifikiria turubai na shaba, vitu vya kukingwa na unyevu. Lakini sisi tunalo neno hifadhi, ambalo tangu utoto linatuambia mambo mawili kwa pamoja: kuweka salama, na kujua kwa moyo. Mtoto wa madrasa huhifadhi sura, bibi huhifadhi utenzi. Msomi wa London alihitaji mjadala mrefu ili aone kwamba kukumbuka ni njia ya kutunza mali ya umma. Mtu wa Lamu au Unguja angelisikia jambo hilo ndani ya kitenzi. Kwa kweli vitu vilivyodhaniwa kuwa imara ndivyo vilivyoasi. Sanamu kadhaa za Naum Gabo za plastiki ya mwanzo zinajikunja na kupasuka zenyewe ndani ya ghala, kwa kuwa plastiki hiyo hutoa asidi inayoila, wala hakuna kabati la kuizuia kabisa. Beseni la kukojolea la Marcel Duchamp la mwaka 1917 lilipotea mapema. Lililoko Tate ni mojawapo ya nakala zilizofinyangwa mwaka 1964 kwa kufuata picha ya zamani, kwa idhini yake. Lile la asili limebaki katika kumbukumbu tu, nalo ndilo lililobadili mambo.

Kwa hiyo tumelirudisha neno makumbusho, na si kwa shingo upande. Jumba la zama zetu hukumbuka kwa niaba ya watakaokuja: huamua leo kipi kisisahauliwe. Aitwe mhifadhi yule anayetunza, awe anatunza shaba au wimbo, ingawa tunajua kwamba mhifadhi wa mbuga za wanyama atadai alitangulia. Yule anayechagua na kupanga aitwe msimamizi wa mkusanyo.

Kwa wafasiri tuna neno moja la ziada, juu ya majina ya kazi. Lubaina Himid alizaliwa Unguja mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mchanga, na mwaka 2017 akapata tuzo ya Turner. Tate inayo picha yake ya mwaka 1991 ya wanawake wawili Weusi ndani ya mashua, katikati yao rundo la ramani wanazozichana na kuzitupa baharini. Jina lake kwa Kiingereza lasema kwamba moyo wa msemaji uko katikati ya mbili na umesawazika. Mbili zipi? Kiingereza hakilazimiki kusema. Kiswahili chalazimika: "kati ya wawili" ni watu, "kati ya viwili" ni vitu, "kati ya mbili" zaweza kuwa nchi. Sisi tungechagua wawili, kwa kuwa wanawake ndio wanaoonekana na ramani ndizo zinazotupwa. Lakini mfasiri atakayechagua mbili, akiifikiria pwani alikozaliwa mchoraji na ile aliyokulia, hatutamkata maksi. Lisilofaa ni kuchagua bila kuitazama picha.

Tumalizie na daftari, kwa kuwa huko ndiko maneno haya yatakakofanya kazi. Katika ofisi moja ambayo hatutaitaja, mmoja wetu alipata kuona orodha ya mali ambamo picha kubwa ya mchoraji anayejulikana iliandikwa katika safu ya "mapambo", kati ya mapazia na viti. Miaka kadhaa baadaye viti vilipochakaa, safu nzima ilifutwa kwa saini moja, na picha ikaondoka na mapazia. Aliyeweka saini hakuiba. Alifuata orodha. Hakuwa na neno la kumwambia kwamba kile ni sehemu ya mkusanyo, kwamba mkusanyo ni amana, na kwamba amana haichakai kwa kiwango cha samani. Tunapendekeza basi kwamba nyaraka za serikali ziwe na fungu lake, "mkusanyo wa sanaa wa umma", mbali na samani na mapambo, na kwamba kila kitu humo kiandikwe jina la msanii, mwaka, namna kilivyopatikana, na namna ya kukihifadhi, hata kama namna hiyo ni kukumbuka wimbo.

Waraka tulioletewa tumeurudisha ukisomeka "makumbusho ya sanaa ya zama zetu na mkusanyo wake". Neno usimikaji, kwa kazi zinazojengwa ndani ya chumba na kukijaza, tumeliacha kwa sasa. Linafaa kwa nguzo na kwa kiongozi anayesimikwa kitini, lakini hatujui tufanye nalo nini mbele ya ufa wa Salcedo, ambao haukusimama popote. Msomaji mwenye neno bora alilete kabla ya kikao kijacho.